Weupe wa Shakwe

Mama Skola alikuja na simu ya marehemu mumewe imefungwa kwenye leso, akaiweka juu ya meza yangu, akasema anataka picha ya Mzee ya kuweka mbele ya altare siku ya misa ya arobaini. Nikamuuliza kama hana nyingine. Hana. Mtu aliyepiga picha nusu ya mji huu, maharusi wa Mwembesongo na wa Mikese, watoto wa komunyo wa milimani ambao leo nao wana watoto wa komunyo, ameacha picha moja tu ya kwake, tena ya simu, aliyopigwa na mjukuu akiwa ameketi nje jua likiwa utosini. Nywele zake miaka ya mwisho zilikuwa nyeupe pe. Kwenye picha hii hazionekani kama nywele. Ni doa jeupe linaloanzia juu ya nyusi, linapanda, linaungana na ukuta wa chokaa ulio nyuma yake, na huwezi kusema kichwa kinaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Watu waliofiwa hudhani sisi wa kompyuta tunaweza kila kitu, na mimi siku hizi sibishani nao. Nikamwambia aiache, aje kesho kutwa. Tangu hapo nimekaa nayo, naishusha mwanga, naipandisha, na kila nikiishusha nywele zinakuwa rangi ya majivu na haziwi nywele. Nilijua toka nilipoifungua kwamba itakuwa hivyo. Kujua huko nilifundishwa na huyohuyo aliye kwenye picha, mwaka nilioingia studio kwake, na ndiyo maana siwezi kuifunga nikaenda kupika.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayana haja ya kutajwa. Studio ya Mzee Kobelo ilikuwa Mwembesongo, chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Ukiingia unakutana na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kiti kimoja cha kifalme chenye sponji iliyotoka, na maua ya plastiki ambayo Mama Skola aliyaosha kila Jumamosi kwa sabuni ya unga kama vyombo. Nyuma ya pazia ndiko nilikokaa mimi na kompyuta. Kilikuwa chumba cha giza enzi za filamu, na ingawa filamu ziliisha zamani bado kilinuka dawa, harufu kali kidogo kama ya siki, na juu yake ikapanda harufu ya njegere na vitunguu, kwa kuwa jiko la Mama Skola lilikuwa upande wa pili wa ukuta na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao za maboksi. Nilisikia kila kitu. Nilisikia anavyomsengenya jirani, anavyomwombea bintiye Skola aliyeolewa Dar, anavyopiga hesabu za mboga anazoletewa na ndugu zake kutoka Mgeta. Kompyuta ilivishwa kitambaa cha kufuma, na ilikuwa marufuku kuiwasha kabla ya kukikunja kitambaa vizuri na kukiweka pembeni. Nilipendezwa na maisha yale. Nasema wazi, sijawahi kuwa na furaha kama ile ya miezi ya mwanzo, nimekaa nyuma ya pazia, mkono kwenye kipanya, nasubiri kuitwa kula.

Kazi yenyewe ilikuwa weupe. Mtu asiyeijua kazi yetu atafikiri shida iko kwenye sura, lakini sura ni rahisi. Shida ni shela, ni kanzu, ni magauni ya komunyo, watoto wamepangwa mbele ya kanisa kule mlimani, jua kali, kila mmoja na lesi yake ambayo mama yake ameihangaikia. Wateja wa Morogoro wanapenda picha ing'ae. Wakiiona wanasema, ongeza, ongeza, na mpiga picha asiyejiheshimu anaongeza, mpaka bibi harusi anabaki kichwa na mikono vinavyoelea juu ya wingu. Mzee Kobelo alikataa. Alinionyesha kile kimlima kidogo ambacho kompyuta inakichora kueleza mwanga wa picha, akasema kimlima kikiegemea ukuta wa kulia, hapo pana kitu kimekufa. Giza lina siri, ukilipandisha utakuta kitu humo. Weupe ulioungua hauna kitu. "Ni kama maziwa jikoni," alisema. "Ukigeuka tu yamemwagika, na huyazoi." Kwa hiyo yeye alipiga kidogo gizani, akailinda lesi kwanza, kisha mimi nikazipandisha sura nyuma ya pazia, moja moja. Na kulikuwa na sheria moja. Mteja akiuliza kama lesi ipo, mwambie kweli. Kama ipo sema ipo, kama haipo sema haipo. Alisema afadhali mteja akasirike siku moja kuliko atazame ukutani kwake miaka yote akijua alidanganywa.

Mvua za masika zilipokatika alikuja bwana mmoja aliyekuwa anamalizia hoteli barabara ya Iringa. Alitaka picha kubwa za ukutani kwa ajili ya ukumbi wa chakula, ndege weupe wanaoruka, basi, hakujali ndege gani. Mtu mwingine angekwenda kupiga yangeyange wanaofuata ng'ombe, kazi ya asubuhi moja. Mzee hakutaka yangeyange. Alimtaka shakwe. Shakwe ni ndege wa baharini, lakini kila mwaka wachache hufika bwawa la Mindu, sijui wanafuata nini, wanazunguka juu ya maji majuma kadhaa kisha wanapotea. Mama Skola alimuuliza mezani, tukiwa tunakula ugali na majani ya maboga, kwa nini ajitese. Mzee akamega tonge, akaliviringisha muda mrefu bila kulichovya.

"Maisha yangu yote napiga vitu nilivyoviambia visimame," alisema. "Nataka kimoja kisichonisikiliza."

Mama Skola akacheka, akasema yeye mwenyewe hajamsikiliza tangu siku ya ndoa, mbona hampigi. Mzee hakucheka.

Tukaanza kwenda Mindu alfajiri, mimi nimebeba mguu wa kamera na chupa ya chai, yeye na lenzi ndefu aliyoazima kwa rafiki yake wa Dar. Kulikuwa na kazi pale ya kufikiri, na mwanzoni aliifurahia kama mtoto. Jua linapochungulia juu ya Uluguru, ubavu wa mlima bado ni mweusi, na shakwe akipita mbele yake anawaka kama taa. Kamera inaona ule weusi mwingi, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ndege anaungua. Kwa hiyo ndege akiwa mbele ya mlima, shusha. Akipanda juu ya mgongo wa mlima akaingia kwenye anga, pandisha. Ndege hachukui muda kutoka huku kwenda kule, na kidole lazima kimtangulie. Mzee alikuwa na kidole hicho. Nilichogundua ni kwamba hakuwa na ndege. Nilipofungua picha nyuma ya pazia nilikuta anga. Nikakuta mlima mtupu, maji matupu, ncha ya bawa kwenye kona, mkia unaotoka. Alisema lenzi ya rafiki yake ni nzito, inachelewa. Nikaamini, kwa nini nisiamini.

Mambo mengine nayo nikayapa sababu zake. Alimimina chai pembeni ya kikombe, nikasema anawaza. Aligonga bega kwenye mwimo wa mlango aliopita maisha yake yote. Siku moja tukitoka Mindu na pikipiki yake alipita juu ya nyanya za mama mmoja zilizopangwa kandokando ya barabara, tena taratibu, bila kukwepa, kama mtu anayepita juu ya majani. Mama yule akaja juu. Mzee akamwambia ameweka biashara katikati ya njia. Nyanya hazikuwa katikati ya njia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nilizikodolea macho toka mbali, na nilidhani ananitania. Tulimlipa, tukaondoka. Kuanzia siku hiyo tukawa tunapanda bodaboda, na ufunguo wa pikipiki sikuuona tena.

Yaliyokuwa yamefichika yalitoka nje mbele ya kompyuta. Hatimaye tulikuwa tumepata shakwe mmoja mzima, mabawa yote mawili, ila mbali kidogo. Nilimsafisha kwa uangalifu, nikalinda kila unyoya wa kifuani, nikamwita Mzee aje aone. Alikuja na kiti chake akakaa karibu kuliko kawaida. Akasema imefifia, ongeza mwanga. Nikaongeza. Akasema bado, ongeza. Nikatazama kimlima, kilikuwa kimeshafika ukutani. Nilifikiri ni mtihani, kwamba ananijaribu kama nitakubali kama wapiga picha wa mjini, nikatabasamu.

"Mzee, nikiongeza hapa manyoya yatapotea."

"Yapi? Ongeza, mwanangu. Yote rangi ya majivu haya."

Nikaongeza. Ndege akawa tundu jeupe kwenye picha, kama karatasi iliyotobolewa kwa mkasi. Mzee akaegemea nyuma, akashusha pumzi, akasema, "Hapo sasa. Hapo namwona." Nikageuka kumtazama nione kama anacheka. Mama Skola alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sahani mbili, ya kwangu na ya mumewe, na alikuwa anaitazama ile picha. Yeye hajui kompyuta, lakini alikuwa ameishi na picha miaka mingi kuliko mimi. Aliziweka sahani chini sakafuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akarudi jikoni. Chakula kilipoa. Nilishikwa na hofu, kwa sababu nilielewa yote kwa mkupuo, kikombe, mwimo wa mlango, nyanya, anga tupu, na nikatamani nisingeelewa.

Walizungumza upande wa pili wa mbao, kwa Kiluguru, kama walivyofanya walipotaka mambo yao yabaki yao. Sikijui Kiluguru. Nilikamata neno la macho, likirudiwa, na sauti ya Mama Skola ikipanda halafu ikikatika. Kesho yake walikwenda hospitali. Mimi nilikwenda nao kwa kuwa Mama alisema mtu akisikia habari peke yake anasikia nusu. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, alimwamkia Mzee kwanza, kisha akampima muda mrefu, akamuuliza ameanza kuona hivi lini. Mzee akasema tangu mwaka juzi. Mama Skola aligeuza uso ukutani. Mwaka juzi, na watu tunakula naye sahani moja. Mzee alidhani ni uzee, akadhani ni miwani, na baadaye, hili alilisema mwenyewe, hakudhani tena bali aliogopa kuambiwa. Ilikuwa presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, inaingia ndani polepole, na mtu anabaki anatazama kama kupitia bomba. Mzee akauliza kama matone aliyoandikiwa yatarudisha vilivyopotea. Daktari akasema hapana, matone ni ya kulinda kilichobaki, tena kilichobaki si kingi. Mzee akatikisa kichwa, na akanitazama mimi, au alitazama upande wangu.

"Umesikia, Semeni," alisema. "Maziwa."

Nilidhani atarudisha kazi ya hoteli. Badala yake tukawa tunakwenda Mindu hata siku za mawingu. Mama Skola hakumzuia, alitufungia viazi vya kuchemsha na kunikabidhi ile chupa ya matone niitunze. Sasa nilisimama nyuma yake, mkono wangu mmoja umeshika mkanda wake wa suruali asije akaingia majini, nikiwa macho yake. Nikimwambia, kulia Mzee, juu, anashuka, mbele ya mlima sasa, shusha. Mtu mzima wa heshima, ninamshika mkanda. Vijana waliokuwa wanaosha bodaboda zao bwawani walitucheka kwanza, kisha wakaacha. Nilikuwa na nia moja tu maishani, apate ndege mmoja wa karibu. Sikuwa naomba apone, maana nilikuwa nimemsikia daktari. Niliomba apate mmoja, na kwamba mmoja huyo awe amekamilika, manyoya yote yahesabike.

Alimpata. Ilikuwa asubuhi yenye jua safi, wale ndege walikuwa wamebaki wachache na siku zao za kuondoka zilikuwa karibu. Shakwe alitoka upande wa ukuta wa bwawa, akaja chini, akainuka mbele yetu mabawa wazi kabisa, mlima mweusi nyuma yake, nikasema mbele, Mzee, mbele yako hasa, na kamera ikalia mfululizo. Nilijua kwa sauti yake tu. Aliishusha kamera akasema amemwona. Si kwamba amempiga, alisema amemwona, jicho na mdomo. Tulikula viazi vyetu tumekaa juu ya mawe na alizungumza njia nzima ya kurudi, kuhusu filamu, kuhusu harusi ya kwanza aliyopiga akasahau kufungua lenzi. Mama Skola alipotuona tunaingia tunacheka alijifuta mikono kwenye kanga akaja nyuma ya pazia pamoja nasi, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho.

Nikakunja kitambaa. Nikawasha. Yule ndege alikuwa katikati, mkali, mabawa yamefunguka kama mikono ya padri anapobariki, tone la maji linadondoka mguuni. Na alikuwa ameungua. Kidole cha Mzee kilikuwa kimepandisha mwanga mahali pa kuushusha, kwa sababu kwake yeye dunia nzima ilikuwa imeingia giza na yeye aliifuata dunia aliyoiona. Kifua, shingo, mabawa kwa chini, vyote vilikuwa weupe mtupu. Nilishusha mwanga, nikapata majivu. Nilijaribu kila nililofundishwa na mengine ambayo sikufundishwa. Waliketi nyuma yangu wote wawili, wananisikiliza ninavyobonyeza.

"Yupo?" Mzee akauliza.

"Yupo, Mzee. Mzima. Katikati kabisa."

"Na manyoya?"

Mama Skola alinibana bega. Alibana kwa nguvu, na nilijua ananiomba nini. Lakini mtu aliyeniuliza ndiye aliyenifundisha namna ya kumjibu mteja, na nilikuwa na umri wa kuamini kwamba heshima ni kumtendea mtu kwa sheria yake mwenyewe.

"Hayapo, Mzee."

"Hata ya kifuani?"

"Hata ya kifuani."

Akasema ahsante, akainuka, akapapasa ukingo wa pazia, akatoka. Hakushika tena kamera. Siwezi kusema ni jibu langu lililoitoa mkononi mwake, macho yangeitoa tu baada ya muda mfupi, na sijutii kusema kweli kwa maana ya kwamba nilikosea. Najuta tu kwamba kweli ile haikumsaidia mtu yeyote. Mama Skola hakunigombeza. Alinipakulia chakula jioni ile kama siku zote, na kipande cha samaki juu, lakini hakukaa nami.

Mwenye hoteli aliipenda. Alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya kompyuta na funguo zake za gari zinalia kidoleni, akasema hii ndiyo, hii inang'aa, akaagiza ichapwe kubwa kuliko alivyopanga. Nilitaka kumwambia haina kitu ndani yake. Hakuuliza. Siku ya ufunguzi tulialikwa, Mzee akavaa koti lake la misa, nami nikamwongoza mpaka chini ya ile picha, watu wanakula kuku nyuma yetu na kuisifu. Aliiinulia uso muda mrefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumeshafika kwenye picha au bado ni ukuta. Nikamwambia tumefika. Akasema, "Basi watu wanaweza kula," tukatafuta viti. Kabla mwaka haujaisha alikuwa anatambua mwanga wa mlango tu, na kufikia Kwaresima hata mlango hautambui. Shakwe wa msimu uliofuata walikuja, nikaenda kuwatazama peke yangu bila kamera, nikaona sina la kufanya pale, nikarudi.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, zaidi ya alivyoishi na kamera ya dijitali, akiketi nje kwenye ukuta wa chokaa, akinitambua kwa nyayo zangu kabla sijasema shikamoo. Studio nilibaki nayo mimi. Ile hoteli ilibadilisha mmiliki na sijui picha ilitupwa wapi. Mzee hakuniuliza tena habari za picha yoyote. Nilikuwa nikisubiri aniulize, hata kama ni mzaha, nione kama tumemaliza, na hatukumaliza.

Leo Mama Skola amekuja kama tulivyokubaliana. Nilikuwa nimeishusha picha mpaka mwisho inapofika, uso umetulia, makunyanzi yanaonekana, macho yale yameinuka kidogo kama alivyozoea akisikia mtu anakuja. Nywele ni majivu matupu, nimeshindwa, na nilikuwa nimejiandaa kumwambia hivyo. Nikamwekea kiti. Ameinama kwenye kioo karibu sana, pua inataka kugusa, mikono yake ya kizee imeshika ukingo wa meza.

"Mbona giza hivi, mwanangu? Ongeza mwanga kidogo."

Nikamtazama. Nikamuuliza taratibu, Mama, unaona giza tangu lini. Akasema niache maswali, amekuja kumwona mumewe, niongeze. Nikaongeza. Akasema bado. Kimlima kikafika ukutani, nikaongeza, makunyanzi yakaondoka, paji likaondoka, nyusi zikabaki peke yake hewani na chokaa ikaingia mpaka kwenye mashavu.

"Hapo sasa," amesema. "Nywele zake hizo. Zinaonekana vizuri?"

"Zinaonekana, Mama," nikamjibu. "Moja moja."